Ukikutana na dubu mweusi njiani: mwongozo kwa wanaotembea milimani Marekani na Kanada

Wengi wetu tulimjua dubu kwanza darasani, katika ile hadithi ya marafiki wawili waliomkuta msituni. Mmoja alipanda mti, mwenzake akajilaza chini akajifanya maiti, dubu akamnusanusa na kwenda zake. Kwa somo la urafiki hadithi ile inafaa. Kwa dubu mweusi wa Amerika Kaskazini inapotosha mara mbili: mnyama huyu hukwea mti upesi kuliko mtu yeyote, na ukijilaza mbele ya dubu mweusi aliyekuja kukushambulia, umempa nafasi. Afrika haina dubu tangu wale wa milima ya Atlas walipotoweka katika karne ya 19, kwa hiyo hakuna mzee nyumbani aliyeturithisha maarifa ya kuishi naye. Nyati tunamjua, tembo tunamjua. Huyu inabidi tujifunze habari zake upya.

Na haja ipo. Familia za Kikongo, za Kikenya na za Kitanzania zilizohamia Kentucky, Ohio, Tennessee au Carolina Kaskazini huenda milimani mwisho wa wiki na watoto, mikeka na jiko la mkaa. Hifadhi ya Great Smoky Mountains peke yake, mpakani mwa Tennessee na Carolina Kaskazini, ina dubu weusi wapatao 1,900 katika kilomita za mraba 2,100 hivi, na hutembelewa zaidi ya mara milioni 12 kwa mwaka. Watu na dubu hawakosi kukutana. Karibu kila mara dubu ndiye anayeondoka. Yaliyo hapa chini ni ya kumsaidia aondoke, na ya kujua la kufanya siku asipoondoka.

Kwanza, hakikisha ni dubu gani

Jina lisikudanganye. Mashariki mwa Marekani, kuanzia Georgia hadi Maine, karibu wote ni weusi kweli, na pua yao ina rangi ya udongo. Ukienda magharibi, dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia, wa rangi ya mdalasini, hata wa manjano hafifu, na pwani ya British Columbia wapo wachache weupe. Tazama umbo, si rangi. Grizli, ambaye ni dubu mwingine kabisa, ana nundu mabegani kama ng'ombe wetu wa kienyeji, masikio mafupi ya mviringo, uso uliobonyea kati ya macho na pua, na kucha ndefu za kuchimbia. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yake yamesimama, na kucha zake ni fupi zilizopinda, za kukwelea.

Tofauti hii ina maana kwa sababu kinga zinapingana. Grizli anayetetea watoto wake akikushika, unalala kifudifudi na kufunika shingo kwa mikono. Dubu mweusi akikushika, unapigana. Milima ya mashariki haina grizli hata mmoja, kwa hiyo huko huna la kukisia. Shaka inakuja Montana, Wyoming, Idaho, Alaska na magharibi mwa Kanada. Ukienda huko, jifunze habari za wote wawili kabla ya safari.

Dume mzima huwa kati ya kilo 60 na 250 au zaidi, jike kilo 40 hadi 100 hivi. Hukimbia karibu kilomita 50 kwa saa, kupanda mlima au kushuka. Bingwa wa dunia wa mita 100 hamfikii. Anaogelea vizuri pia, kwa hiyo mto si ukuta.

Elewa kinachomleta

Tumbo ndilo linaloendesha maisha yake. Hutoka pangoni mwezi wa tatu au wa nne akiwa amekonda, anakula majani machanga na wadudu chini ya magogo. Mwezi wa sita na wa saba majike hufukuza watoto wao wa mwaka mmoja na nusu ili wapate kupandwa tena, na hao vijana waliofukuzwa, wasiojua bado pa kula, ndio wengi wa wanaozurura karibu na kambi na meza za watu. Kisha matunda ya porini yanaiva. Kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja anajaza mafuta ya kulalia majira ya baridi, na anaweza kula kalori 20,000 kwa siku, mara nane ya chakula cha mtu mzima. Mwaka ambao mialoni haikuzaa vizuri, huteremka mabondeni kutafuta, na bondeni ndiko mliko nyinyi na sambusa zenu.

Kwa hiyo hatari nyingi za dubu zinaanza na harufu. Dubu aliyeonja chakula cha binadamu mara moja hukumbuka mahali, hukumbuka begi linafananaje, na hurudi. Akizoea hufikia kumkaribia mtu bila woga, na hapo wenye hifadhi mara nyingi hawana njia ila kumuua. Mfupa mmoja wa kuku uliotupwa kichakani una uzito huo. Usimwachie dubu chakula: hili tunaliomba kwa moyo wote kuliko yote mengine yaliyomo humu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Soma matangazo ya hifadhi asubuhi ya siku ya safari, kwenye tovuti yake au kwenye ubao ulio mwanzo wa njia. Njia au kambi ikifungwa kwa ajili ya dubu, imefungwa kwa sababu ya tukio halisi, pengine la jana. Usipite kamba eti kwa sababu huoni kitu.

Nendeni watatu au zaidi. Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walikusanya habari za watu wote waliojulikana kuuawa na dubu weusi wa porini kuanzia 1900 hadi 2009 katika Marekani na Kanada. Walikuwa 63, idadi ndogo mno kwa miaka 110. Kilichojitokeza ni kwamba mara tisa kati ya kumi aliyeshambuliwa alikuwa peke yake au na mtu mmoja tu. Jambo la pili lilishangaza wengi: sehemu kubwa ya wauaji walikuwa madume waliokuwa wakiwinda, si majike wenye watoto. Jike mwenye watoto anatisha na usimsogelee, lakini kwa kawaida hupandisha watoto wake mtini, anafoka, kisha anaondoka. Wa kuogopwa zaidi ni yule anayekufuata kimya.

Wafundishe watoto nyumbani, sebuleni, kabla ya kuwaambia habari za safari. Mmoja awe dubu. Wengine wajizoeze kusimama, kusogeleana hadi wagusane mabega, na kurudi nyuma polepole bila kupiga kelele za woga wala kukimbia. Mtoto aliyefanya zoezi mara tatu atasimama. Mtoto aliyeambiwa kwa maneno tu atakimbia.

Mbwa abaki nyumbani ukiweza. Mbwa asiyefungwa humchokoza dubu kisha hukimbilia kwa mwenyewe, dubu nyuma yake. Ukimchukua, kamba isizidi mita 1.8 na usiiachie. Katika Great Smoky Mountains mbwa anaruhusiwa kwenye njia mbili tu, Gatlinburg Trail na Oconaluftee River Trail.

Dawa ya pilipili: kununua, kubeba, kutumia

Hii ndiyo silaha bora kwa mtembeaji, ila watu wengi wanaibeba vibaya. Nunua kopo lililoandikwa wazi kuwa ni la dubu, lenye namba ya usajili ya shirika la mazingira la Marekani, EPA. Kopo la kujikinga na vibaka mjini ni dogo na halifiki mbali. Angalia mambo haya kwenye lebo: uzito wa gramu 225 au zaidi, nguvu ya kapsaisini (kiini cha ukali wa pilipili) na jamii zake asilimia 1 hadi 2, umbali usiopungua mita 7.5, muda wa kupuliza usiopungua sekunde 6, na tarehe ya kwisha. Hewa inayosukuma dawa hupungua kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana makopo mengi hupewa miaka mitatu au minne tu. Lililokwisha hutoa mchirizi unaoangukia miguuni pako.

Lifunge kiunoni au kwenye mkanda wa kifuani wa begi, mahali mkono unapofika bila kutazama. Kopo lililo ndani ya begi ni sawa na hakuna. Usipande nalo ndege, liwe mkononi au ndani ya sanduku, maana limekatazwa. Linunue ukifika. Usiliache ndani ya gari juani, kwa sababu likipita nyuzi 49 za joto linaweza kupasuka. Na uliza kanuni za mahali: hifadhi ya Yosemite huko California, kwa mfano, hairuhusu kabisa.

Kuitumia:

1. Dubu akianza kukukaribia, toa kopo, lishike kwa mikono miwili, ondoa kizuizi cha plastiki kwa kidole gumba. Usisubiri aanze kukimbia.
2. Angalia upepo kwa kutazama majani. Ukivuma pembeni, elekeza kidogo upande unakotoka. Ukikuvumia usoni, subiri asogee zaidi, na ujue kwamba nawe utaungua macho. Puliza hivyo hivyo.
3. Akija mbio, puliza akiwa kati ya mita 10 na 15. Elekeza chini kidogo, mbele ya miguu yake, ili wingu linyanyuke na yeye aingie ndani yake. Wanaokosea hulenga juu, na wingu linampita kichwani.
4. Puliza sekunde moja au mbili, simama, tazama. Akiendelea kuja, puliza tena usoni moja kwa moja. Usimalize kopo kwa mara ya kwanza.
5. Akigeuka, ondoka taratibu. Dawa inampa maumivu ya muda, haimlazi.

Maduka huuza makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Puliza moja uwanjani kabla ya safari, maana mshindo wake na urefu wa mchirizi humshtua anayeanza. Na usiipake dawa hii kwenye hema au nguo kama dawa ya mbu. Haifukuzi kwa harufu, na masalia yake makavu yanaweza hata kumvuta dubu aje kunusa.

Njiani

Ongea. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho la kutembea salama. Dubu anayesikia sauti ya mtu kutoka mbali hujitenga mwenyewe bila nyinyi kujua. Lugha haimhusu, Kiswahili, Kilingala, wimbo wa kwaya, vyote vinamwambia kuwa mtu anakuja. Paza sauti na piga makofi sehemu nne hasa: penye kona, kando ya maji yanayonguruma, kwenye vichaka vya matunda yaliyoiva, na pale upepo unapokuvumia usoni, kwa sababu hapo harufu yako haimfikii. Kengele ndogo zinazouzwa za kufunga begini hazina nguvu. Hazisikiki mbali, na si sauti ya mtu.

Masikio yawe wazi, bila muziki. Usitembee alfajiri au magharibi kukiingia giza ukiweza kuepuka. Watoto wawe katikati ya mstari, mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Watoto wanapenda kutangulia, na ndiyo njia ya kumkuta dubu mezani kwake wakiwa peke yao.

Soma ardhi. Gogo lililopasuliwa na chembe za mbao bado ni nyeupe ndani, mawe yaliyogeuzwa na udongo wa chini yake bado una unyevu, kinyesi kikubwa cheusi kilichojaa mbegu za matunda: yupo karibu, na amepita leo. Wayo wa nyuma unafanana na wa mtu asiye na viatu, mpana zaidi, na alama za kucha mbele ya vidole. Ukikuta mzoga wa kulungu, hasa uliofukiwa kwa majani, rudi ulikotoka mara moja, maana mwenyewe hayuko mbali.

Nyama choma na meza ya chakula

Hapa ndipo familia zetu zinapokosea zaidi, kwa sababu chakula chetu kina harufu kali na tunakaa nacho muda mrefu. Kuku aliyelala kwenye viungo, samaki wa kukaanga, dagaa: harufu hizo zinasafiri mbali sana.

Choma sehemu zilizotengwa tu, kama Chimneys au Metcalf Bottoms ndani ya Great Smoky Mountains, kamwe si kando ya njia. Toa chakula kile mnachokula sasa. Kilichobaki kikae ndani ya gari, vioo vimefungwa, milango imefungwa kwa ufunguo. Dubu wamejifunza kufungua mlango wa gari kwa kuvuta kishikio, na mlango ukijifunga nyuma yake atararua viti vyote akitafuta pa kutokea. Mtu mzima mmoja asiondoke mezani hata dakika moja, hata kama wote wanaitwa kupiga picha.

Mkimaliza, maji ya viungo msimwage chini. Yafunge ndani ya chupa, yatupwe pipani. Mifupa msiitie motoni mkidhani itaungua, kwani huiva tu na kunukia zaidi. Acha mkaa uchome mafuta yaliyogandia wavu, halafu futa wavu kwa karatasi na karatasi hiyo iende kwenye pipa lenye komeo. Sukuma kifuniko mpaka usikie komeo limeshika. Pipa likijaa, taka mnarudi nazo nyumbani. Kabla ya kuondoka piga magoti utazame chini ya meza; ndipo penye vipande vya chapati na ganda la yai. Na kiti cha mtoto ndani ya gari kisafishe: makombo ya biskuti na maziwa yaliyomwagika humo yanatosha kumfanya dubu avunje kioo usiku.

Dubu akija mezani mkiwa mbali naye, kusanyikeni, chukueni chakula mnachoweza, ingieni garini na kupiga honi. Akiwa ameshakifikia chakula, mwachieni. Msigombanie sufuria.

Mkishaonana

*Yuko mbali, hajakuona.* Simama. Rudi kimya ulikotoka, au mzunguke kwa mbali. Great Smoky Mountains sheria inakataza kumsogelea dubu kwa makusudi chini ya yadi 50, yaani mita 45 hivi. Katika hifadhi ya Yellowstone ni yadi 100. Kipimo cha haraka: nyoosha mkono, mfunike dubu kwa kidole gumba. Akionekana pembeni ya kidole, uko karibu mno. Akiacha kula na kukutazama, tayari umemkaribia kupita kiasi, simu na kamera vyote virudi mfukoni.

*Yuko karibu, amekuona.* Usikimbie, kwa sababu ukikimbia unamwita akufukuze. Usipande mti. Usivue begi: linakinga mgongo wako, na likiwa na chakula utakuwa umemlipa kwa kukutisha. Kusanyikeni pamoja, wabebeni watoto wadogo. Mtoto aliye mgongoni kwenye kanga abaki hapo hapo, msimshushe, kwa kuwa uso wako uko kwa dubu na yeye yuko nyuma yako salama. Zungumza kwa sauti ya kawaida, thabiti, kama unavyomwambia mtu akupishe. Rudi nyuma ubavu ubavu, hatua fupi, bila kumpa mgongo. Hakikisha hamkumziba njia ya kutokea, na kwamba hamko kati ya jike na mtoto wake. Tazama juu ya miti iliyo karibu. Watoto wa dubu hukaa humo.

*Anafoka.* Anapumua kwa kishindo, anagonganisha meno, anapiga ardhi kwa mguu, pengine anakurukia hatua chache kisha anasimama ghafla. Inatisha sana, na ni habari njema kuliko inavyoonekana: amehofu, anakwambia umemkaribia. Akirukia, simama pale pale, dawa mkononi. Akisimama, anza tena kurudi nyuma. Akinyanyuka kwa miguu miwili, anatafuta kuona na kunusa vizuri. Hilo peke yake si shambulio.

*Anakufuata kimya.* Huyu ndiye wa kuogopwa zaidi. Hafoki, hagongi meno. Kichwa kiko juu, masikio yamesimama, macho yako kwako, unabadili njia naye anabadili. Acha upole wote. Kama kuna gari au nyumba karibu, sogeeni huko pamoja bila kukimbia. Kama hakuna, simameni mahali palipoinuka, mabega yagusane, inueni mikono na fimbo, pigeni kelele kwa nguvu zote, mtupieni mawe mkilenga mwili. Asubuhi au mchana, ashibe au ana njaa, dubu huyu anapima kama wewe ni mawindo rahisi, na jibu lazima alione waziwazi. Akifika mita 10, puliza.

*Amekushika.* Pigana. Usilale. Tumia jiwe, fimbo, kisu, ngumi, na lenga pua na macho. Walio nawe wasikimbie, wamshambulie pamoja nawe. Watu wamemfukuza dubu mweusi kwa mikono mitupu kwa sababu hawakuacha kupiga.

Mkilala msituni

Usiku kanuni ni moja: chochote chenye harufu kisiingie ndani ya hema. Chakula kila mtu anakijua. Wanachosahau ni dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, losheni ya nazi, mafuta ya midomo, peremende mfukoni mwa suruali, nepi, na nguo ulizopikia. Hedhi haina ushahidi wa kumvuta dubu mweusi, kina mama na kina dada wasizuiwe safari kwa hofu hiyo. Taulo zilizotumika zifungwe ndani ya mfuko usiopitisha harufu na zihifadhiwe pamoja na taka nyingine.

Panga kambi kwa pembetatu: hema, pa kupikia, na pa kuhifadhia chakula, kila kimoja mita 70 hadi 100 kutoka kwa kingine, hema likiwa upande upepo unakotoka. Kisha kuhifadhi kwenyewe:

Kambi za ndani za Great Smoky Mountains zina waya wa chuma na kapi juu ya miti. Tundika begi kwenye ndoano, vuta mpaka lifike juu kabisa, halafu ndoano ya chini ishike kwenye pete yake. Begi lililoachwa katikati ni pembea ya dubu.

Mahali pengine unatakiwa kuwa na mkebe mgumu wa kuzuia dubu. Yosemite ni lazima kwa wanaolala nyikani. Milima ya Adirondack huko New York, upande wa mashariki wa vilele virefu, ni lazima kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Novemba. Kwenye njia ndefu ya kutembea iitwayo Appalachian Trail, sehemu ya Georgia, kati ya Jarrard Gap na Neel Gap, ni lazima kwa wanaolala kuanzia tarehe 1 Machi hadi 1 Juni. Mkebe wa lita 11 au 12 unatosha mtu mmoja siku tano hadi saba, ukitoa chakula kwenye maboksi yake na kukikandamiza ndani ya mifuko. Uweke chini, mahali tambarare, mbali na mteremko na maji, kwa sababu dubu atauviringisha. Usiufunge kamba, maana kamba ni mkono wa kubebea. Weka sufuria juu yake, ikianguka iwe kengele yako. Na ufunge kila mara, hata mkiwa mmekaa kando yake. Huko Adirondack jike mmoja mdogo, mwenye alama za njano masikioni, alijifunza kufungua aina moja ya mkebe wa plastiki kwa meno. Mtengenezaji akaongeza kifungo cha pili, naye akakifungua hicho pia. Kwa hiyo uliza ofisi ya hifadhi ni mikebe ipi inayokubaliwa mwaka huo.

Kutundika kwa kamba ni njia ya mwisho, palipokosekana vyote viwili na paliporuhusiwa. Unahitaji kamba ya mita 15 hadi 20 na tawi lililo hai, lenye urefu wa mita 6 kutoka chini. Funga jiwe kwenye kifuko, litupe juu ya tawi karibu mita 2 kutoka kwenye shina. Mfuko ukishapanda unapaswa kuning'inia mita 4 kutoka ardhini na mita 2 chini ya tawi. Kosa la kawaida ni kufunga mwisho wa kamba kwenye shina la mti: dubu huitafuna kamba na chakula kinamwangukia. Kosa la pili ni kungoja giza. Tundika kabla ya jua kuzama, unapoliona tawi.

Dubu akija kambini usiku, tokeni, pigeni sufuria, mulikeni taa, mfukuzeni kwa kelele. Akirarua hema na wewe umo ndani, hilo ni shambulio: piga, puliza, usijifanye umelala.

Baadaye

Toa taarifa kwa askari wa hifadhi siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyeumia. Eleza mahali kwa jina la njia, saa, alifanya nini, kama alipata chakula, kama alikuwa na alama sikioni. Akijeruhi mtu, piga 911. Osha jeraha kwa maji mengi safi, kandamiza kwa kitambaa mpaka damu ikatike, na hospitalini usisahau kuuliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mnyama na ya pepopunda. Nguo zenye mate ya dubu msizifue. Ziwekeni ndani ya mfuko, maana askari watazihitaji kumtambua dubu aliyehusika asije akauawa mwingine.